Flannery O'Connor: Maisha ya Mwandishi na Funzo kwa Mwalimu wa Insha

Utangulizi

Kila mwalimu wa shule ya msingi, awe mgeni au mkongwe katika kazi, anaijua jioni ya kusahihisha insha. Madaftari yamepangwa mezani, arobaini au zaidi, na kalamu nyekundu imo mkononi. Mwalimu hufungua daftari la kwanza, akakata neno hapa, akapiga mstari pale, akaandika alama chini ya ukurasa, kisha akalifunga. Asubuhi mtoto hulipokea daftari lake, huitazama alama, hulitia mkobani, na mambo huishia hapo. Insha ile haifunguliwi tena na mtu yeyote. Je, mtoto huyo amefundishwa kuandika, au amepimwa tu?

Swali hili halitujii kwa njia ya vitabu peke yake. Mwaka mmoja, katika kuwakagua wanachuo waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, tuliketi nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya kijijini. Mwanafunzi mmoja aliitwa mbele aisome insha yake. Alikuwa amehamia hapo kutoka mkoa wa mbali, na lafudhi ya kwao ilikuwa nzito katika Kiswahili chake. Wenzake walianza kucheka katika sentensi ya pili. Mwalimu mwanafunzi naye akatabasamu. Mtoto aliketi kabla ya kuumaliza ukurasa. Tulirudi darasani humo mara mbili katika wiki zilizofuata. Hakuinua mkono tena, na insha zake, zilizokuwa za kurasa mbili, zikawa za mistari sita. Sisi tuliokuwa wakaguzi tulikuwapo siku ile, nasi hatukusema neno. Kosa hilo ni letu kuliko lilivyokuwa la mwanachuo.

Ndiyo maana tumeona vema kuwasimulia walimu watarajiwa maisha ya mwandishi mmoja wa Marekani, Flannery O'Connor, aliyefariki mwaka 1964. Yeye naye alifika mahali pa kujifunzia akiwa na lafudhi ambayo watu hawakuielewa. Tofauti ni kwamba alimkuta mwalimu aliyejua la kufanya.

Utoto na masomo ya awali

Mary Flannery O'Connor alizaliwa tarehe 25 Machi, 1925, katika mji wa bandari wa Savannah, jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani. Alikuwa mtoto pekee wa Edward O'Connor na Regina Cline. Wazazi wake walikuwa Wakatoliki katika nchi iliyojaa Waprotestanti, na kwa hiyo tangu utotoni alizoea kuwatazama watu wa kwao kwa jicho la mtu aliye ndani yao, lakini akasimama kando kidogo.

Alipokuwa mtoto mdogo alikuwa na kuku aliyeweza kutembea kinyumenyume. Habari za kuku huyo zilisambaa hata wapiga picha za sinema wakaja kumpiga picha, naye mtoto akiwa pamoja naye. Baadaye maishani alipenda kulitaja jambo hilo kwa mzaha, kana kwamba lilikuwa kilele cha fahari yake na mengine yote yaliyofuata yalikuwa mteremko. Mapenzi yake ya ndege hayakwisha. Alipokuwa mtu mzima alifuga tausi kwa makumi.

Mwaka 1938 familia iliihama Savannah, na hatimaye mama na mtoto wakakaa Milledgeville, mji mdogo wa huko huko Georgia uliokuwa kwao mama. Baba yake alishikwa na ugonjwa wa lupasi, ambao kinga ya mwili hugeuka na kuushambulia mwili wenyewe. Alifariki mwezi Februari 1941, binti yake akiwa na umri wa miaka kumi na mitano. Tunaomba msomaji aukumbuke ugonjwa huo, maana utarudi katika masimulizi haya.

Kuanzia mwaka 1942 hadi 1945 alisoma katika chuo cha wanawake cha hapo hapo Milledgeville. Alichora katuni za gazeti la chuo, akahariri jarida la fasihi la wanachuo, na akahitimu katika masomo ya jamii. Jambo moja lifaa lijulikane na kila mwalimu: tahajia yake ilikuwa mbovu, na ilibaki hivyo maisha yake yote. Mwalimu anayehesabu makosa ya herufi na kuishia hapo angempa alama ndogo sana mtu ambaye leo hadithi zake husomwa katika vyuo vikuu vingi duniani.

Kufika Iowa

Mwezi Septemba 1945, akiwa na umri wa miaka ishirini, alisafiri kwenda kaskazini, katika Chuo Kikuu cha Iowa, akiwa amepata msaada wa masomo. Alikuwa ameandikishwa kusomea uandishi wa habari. Lakini hakukaa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba hilo silo alilolitaka, akaenda katika ofisi ya Paul Engle, mshairi aliyekuwa akiiongoza warsha ya waandishi ya chuo hicho tangu mwaka 1941.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Engle mwenyewe alilisimulia baadaye. Msichana alisema shida yake, na mwalimu hakuelewa hata neno moja. Lafudhi ya Georgia ilikuwa nzito mno katika masikio ya mtu wa Iowa. Akamwomba arudie, hakuelewa tena. Basi Engle akampa karatasi na kumwomba aandike alichotaka kusema. Msichana akaandika kwamba yeye si mwandishi wa habari, na akauliza kama angeweza kuingia katika warsha ya waandishi. Engle akamwomba amletee baadhi ya kazi zake. Alipozisoma, akamkubali.

Natulitazame tendo hili kwa makini, kwa sababu ni dogo na rahisi kupitwa. Mwalimu hakumcheka mgeni wake wala hakumrudisha alikotoka. Hakumwambia ajifunze kwanza kusema kama watu wa Iowa ndipo aje kuandika. Alitafuta njia nyingine ambayo kwayo msichana angeweza kusikika, na njia hiyo ilikuwa karatasi. Kisha akahukumu kwa kuisoma kazi, si kwa kuisikiliza sauti. Karatasi moja tu ilitosha kuibadili njia ya maisha ya mtu.

Namna warsha ilivyoendeshwa

Inafaa tueleze mahali hapo palikuwa pa namna gani. Tangu mwaka 1922 Chuo Kikuu cha Iowa kilikuwa kimekubali kwamba mwanafunzi wa shahada ya juu aweza kutoa kazi ya ubunifu, kama mashairi au hadithi, badala ya tasnifu ya utafiti. Mwaka 1936 warsha yenyewe ilianzishwa, kiongozi wake wa kwanza akiwa Wilbur Schramm. Alipofika O'Connor, vita vikuu vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha majuma machache tu yaliyopita. Kwa sheria ya mwaka 1944 serikali ya Marekani iliwalipia masomo askari waliorudi kutoka vitani, nao wakamiminika vyuoni. Warsha ikajaa wanaume watu wazima, wengi wao wakiandika juu ya vita walivyoviona. Kati yao aliketi msichana mmoja mkimya kutoka kusini, ambaye hakuwa ameona vita.

Mafunzo yalifanyika katika majengo ya muda yaliyofanana na kambi za jeshi, kando ya Mto Iowa. Utaratibu wake ulikuwa huu. Mwanafunzi alileta mswada ambao haujakamilika. Ulisomwa mbele ya wenzake kwa sauti. Baada ya kusomwa, wenzake na mwalimu waliuzungumzia: mahali gani paliwagusa, mahali gani palilegea, mhusika gani hakusadikika, mwisho gani ulikuja kabla ya wakati wake. Mwandishi alikwenda na maneno hayo chumbani kwake, akayapima, akayapokea mengine na kuyaacha mengine, kisha akaandika upya. Hakuna aliyetarajiwa kuleta kazi isiyo na dosari. Walileta kazi zenye dosari kwa sababu hizo ndizo zilizohitaji kuletwa.

O'Connor aliketi nyuma ya darasa na alisema kidogo sana. Hadithi zake mara nyingi zilisomwa na mtu mwingine, hasa Engle mwenyewe, ili lafudhi isiwe kizuizi kati ya kazi na wasikilizaji. Engle alikumbuka kwamba msichana huyo alisikiliza kila lililosemwa juu ya kazi yake kwa utulivu, kisha akaenda kuandika upya, na tena upya, bila kuchoka. Ukimya wake haukuwa uvivu wala woga wa akili. Alikuwa akifanya kazi.

Nje ya darasa aliishi maisha ya mpangilio mkali. Alikwenda kanisani karibu kila siku, alimwandikia mama yake barua kila siku, na alisoma vitabu vingi ambavyo hakuwahi kuvisikia huko Georgia. Kati ya mwaka 1946 na 1947 aliandika pia daftari la sala, ambalo lilichapishwa mwaka 2013. Katika daftari hilo twamwona kijana anayemwomba Mungu amsaidie kuwa mwandishi mzuri, na ambaye ana hofu kubwa kwamba huenda asiwe chochote. Walimu tukumbuke kwamba hofu kama hiyo yaweza kuwamo ndani ya mwanafunzi asiyesema neno.

Hadithi ya mzee na ua

Mojawapo ya hadithi alizoziandika katika warsha ilikuwa The Geranium, jina ambalo ni la ua linalopandwa katika chungu. Inamhusu mzee wa kizungu kutoka kusini aliyechukuliwa na binti yake kwenda kuishi naye katika jengo la ghorofa huko New York. Mzee hana la kufanya ila kuketi dirishani akilitazama ua ambalo jirani wa upande wa pili huliweka nje kila siku. Amelelewa katika dharau dhidi ya watu weusi, na sasa jirani yake wa mlango wa pili ni mtu mweusi, tena ndiye anayemshika mkono na kumsaidia kupanda ngazi. Mzee anaaibika na kuchanganyikiwa. Mwishoni chungu kimeanguka na ua limelala chini, mizizi ikiwa juu.

Hadithi hiyo ilichapishwa mwaka 1946 katika jarida la Accent, naye akiwa na miaka ishirini na moja. Ilikuwa hadithi yake ya kwanza kuchapishwa, na mwaka uliofuata ikawa ya kwanza katika mkusanyo wa hadithi sita alioutoa kwa ajili ya shahada yake ya uzamili. Mwanafunzi mwingine angesema kwamba hadithi hiyo imekwisha: imesomwa darasani, imechapishwa, imempatia shahada. Yeye hakuiona hivyo, kama tutakavyoonyesha.

Wasomaji wawili wa mswada mmoja

Mwaka 1947 alipewa tuzo ya dola 750 ya kampuni ya uchapishaji ya Rinehart kwa sehemu za riwaya aliyokuwa ameianza huko Iowa. Kwa tuzo hiyo kampuni ilikuwa na nafasi ya kwanza ya kuichukua riwaya itakapokamilika. Mwaka 1948 alikwenda Yaddo, mahali pa waandishi na wasanii karibu na Saratoga Springs, akaendelea na mswada wake. Alipokuwa na sura tisa alizipeleka kwa mchapishaji.

Mwanzoni mwa mwaka 1949 alipata jibu la mhariri, John Selby. Mhariri aliiona kazi hiyo kuwa ngeni mno na akataka ielekezwe njia nyingine. O'Connor, msichana yule aliyekaa kimya nyuma ya darasa, alijibu kwa uthabiti. Alieleza kwamba yu tayari kusikiliza ukosoaji, lakini ukosoaji uwe juu ya kitabu anachojaribu kukiandika yeye, si juu ya kitabu kingine ambacho mhariri angependa kiandikwe. Hatimaye akaachana na kampuni hiyo, na riwaya ikachukuliwa na kampuni ya Harcourt, Brace, ambako mhariri wake alikuwa Robert Giroux.

Msomaji asidhani kwamba mwandishi huyu alikataa tu kusahihishwa. Miaka miwili baadaye mswada huo huo ulifika mikononi mwa Caroline Gordon, mwandishi wa riwaya aliyemzidi umri kwa miaka thelathini. Gordon alimwandikia barua ndefu zilizojaa masahihisho. Alimwonyesha mahali alipokwenda haraka mno, akamshauri ampe msomaji nafasi ya kupumua na kuona mandhari kabla ya tendo kutokea, akamkumbusha kwamba lugha ya msimulizi isichanganyike ovyo na lugha ya wahusika. Masahihisho hayo yalikuwa mengi na makali kuliko ya mhariri wa kwanza. O'Connor aliyapokea kwa shukrani, akaandika upya sehemu kubwa, na tangu hapo akampelekea Gordon karibu kila kazi mpya hadi mwisho wa maisha yake.

Kwa nini alimkataa mmoja na kumkubali mwingine? Wote wawili waliona dosari. Lakini mmoja alitaka mswada uwe kitu kingine, na mwingine alitaka uwe kwa ukamilifu kile ulichokuwa ukijaribu kuwa. Walimu watarajiwa, tunaomba mkae na tofauti hii kwa muda, kwa sababu inatuhusu kila tunaposhika kalamu nyekundu. Mtoto ameandika juu ya mbuzi wao aliyepotea. Twaweza kumwambia kwamba angeandika juu ya sikukuu ya taifa. Twaweza pia kumwuliza mbuzi huyo alikuwa wa rangi gani, nani aligundua kwamba hayupo, na mama alisema nini. Maswali haya ya pili yatamfanya aandike zaidi, na kitakachoandikwa kitabaki kuwa chake.

Ugonjwa na kazi

Mwezi Desemba 1950, akiwa safarini kurudi nyumbani kwa Krismasi, aliugua sana. Ulikuwa ugonjwa ule ule uliomwua baba yake. Mwanzoni mama yake alimficha jina la ugonjwa huo, naye aliujua ukweli mwaka 1952 tu, kutoka kwa rafiki yake Sally Fitzgerald. Tangu hapo aliishi na mama yake katika shamba la ng'ombe wa maziwa liitwalo Andalusia, nje kidogo ya Milledgeville. Dawa zilimdhoofisha mifupa, na kuanzia mwaka 1955 alitembea kwa magongo.

Hata hivyo aliandika kila asubuhi, kwa saa mbili au tatu ambazo mwili wake uliweza kustahimili, akiketi mbele ya mashine yake ya kuchapa, siku zenye matunda na siku zisizo na matunda pia. Riwaya ile, Wise Blood, ilitoka mwezi Mei 1952. Mkusanyo wa hadithi, A Good Man Is Hard to Find, ulifuata mwaka 1955, na riwaya ya pili, The Violent Bear It Away, mwaka 1960. Akiwa mbali na miji na vyuo, aliifanya posta kuwa warsha yake. Aliwapelekea marafiki miswada yake, nao wakampelekea yao. Naye aliwasoma waandishi chipukizi kwa uangalifu ule ule aliosomwa nao.

Hatutakuwa waaminifu tukiyanyamazia makosa yake. Katika hadithi zake aliwaaibisha wazungu wenye majivuno ya rangi, na jambo hilo limesifiwa kwa haki. Lakini katika barua zake za faragha yamo maneno na mizaha ya dharau juu ya watu weusi. Kwa sababu hiyo, mwaka 2020, Chuo Kikuu cha Loyola cha Maryland kililiondoa jina lake katika bweni moja. Mtu aweza kuiona dhambi ya jamii yake waziwazi katika kazi yake, na bado akabaki nayo moyoni. Walimu tukifundisha maisha ya watu mashuhuri, tusiwafanye malaika mbele ya watoto. Tuwafundishe watoto kupima.

Kurudi kwa hadithi ya kwanza

Mapema mwaka 1964 O'Connor alifanyiwa upasuaji, na baada ya hapo ugonjwa wake uliamka kwa nguvu. Alijua kwamba muda wake ulikuwa mfupi. Alikuwa na mkusanyo wa hadithi za kukamilisha. Hospitalini alificha karatasi zake chini ya mto wa kulalia, asije akakatazwa kufanya kazi. Mojawapo ya hadithi hizo, Parker's Back, aliituma kwa Caroline Gordon akitaka maoni yake, wakati ambapo hakuwa na nguvu za kutosha hata kuyatumia maoni hayo.

Na katika miezi hiyo hiyo ya mwisho aliirudia hadithi ya mzee na ua. Alikuwa ameirudia mara moja kabla, katikati ya miaka ya 1950, akaipa jina la An Exile in the East. Sasa aliiandika upya kabisa na kuiita Judgement Day. Mzee bado yuko New York kwa binti yake, na jirani mweusi bado yupo. Lakini ua halipo tena. Mzee hatazami tu dirishani. Anapanga safari ya kurudi kwao, akiwa hai au maiti, na amebeba mfukoni karatasi inayoeleza mwili wake upelekwe wapi. Anafia kwenye ngazi. Binti yake anamzika New York, lakini hapati usingizi mpaka alipoufukua mwili na kuusafirisha nyumbani Georgia. Jambo ambalo kijana wa miaka ishirini na moja alilionyesha kwa chungu cha ua, mwanamke wa miaka thelathini na tisa aliyekaribia kaburi alilionyesha kwa shauku ya mtu kuzikwa kwao. Sisi wa Afrika ya Mashariki hatuhitaji kuelezwa uzito wa shauku hiyo.

Flannery O'Connor alifariki tarehe 3 Agosti, 1964, mjini Milledgeville. Mkusanyo wake wa mwisho ulitoka mwaka 1965. Mwaka 1971 hadithi zake zote thelathini na moja zilikusanywa katika kitabu kimoja, na mwaka 1972 kitabu hicho kikapewa Tuzo ya Taifa ya Vitabu ya Marekani. Hadithi ya kwanza katika kitabu hicho ni The Geranium, na ya mwisho ni Judgement Day. Kati ya kurasa hizo mbili kuna miaka kumi na minane ya kuandika, na mswada wa darasani uliokataa kufungwa.

Tufanye nini darasani

Hatusemi kwamba darasa la tano liwe warsha ya chuo kikuu. Watoto ni wengi, vipindi ni vifupi, na karatasi hazitoshi. Lakini yapo mambo manne ambayo mwalimu yeyote aweza kuyafanya bila gharama.

Kwanza, mwalimu achague kila wiki insha mbili ambazo hazijakamilika na azisome yeye mwenyewe kwa sauti nzuri, bila kutaja jina la mwandishi kama mwandishi hapendi kutajwa. Kazi ya mtoto ikisomwa na mwalimu kwa heshima, hakuna atakayeicheka lafudhi.

Pili, darasa liulizwe maswali mawili kabla ya jingine lolote: ni nini tulichokiona vizuri katika insha hii, na ni nini tungependa kuelezwa zaidi? Makosa ya tahajia yatafuata baadaye, nayo yana siku yake. Yakitangulia, hufunga mdomo wa mwandishi.

Tatu, mwandishi arudishiwe kazi yake aiandike upya, naye aruhusiwe kukataa shauri asilolikubali mradi aeleze sababu. Mtoto anayeweza kusema kwa adabu kwa nini hakubadili sentensi yake amejifunza zaidi ya yule aliyenakili kila neno la mwalimu.

Nne, insha za muhula wa kwanza zitunzwe. Mwishoni mwa mwaka kila mtoto apewe insha yake moja ya zamani aiandike tena. Ataona kwa macho yake mwenyewe hatua aliyopiga, jambo ambalo alama haziwezi kumwonyesha.

Hatujui yule mtoto wa darasa la tano aliishia wapi. Lakini tunajua kwamba siku ile mwalimu angeweza kwenda mbele kwa hatua tano, kulichukua daftari kwa upole, na kuusoma ukurasa ule mpaka mwisho. Kila mmoja wetu atakutana na mtoto wa namna hiyo katika mwaka wake wa kwanza wa kazi. Tujiandae tangu sasa kwenda mbele.